Paka wa Mgombani, Beseni la Majengo

Kesi yenyewe inajulikana katika nyumba nyingi za kupanga mjini Moshi. Paka amewekewa beseni la mchanga, analinusa, analiacha, anakwenda kukojoa kwenye nguo. Mwenye nyumba anataka aondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Mpangaji anasema akiondoka paka, naye anahama. Na harufu ya mkojo wa dume, ikishaingia kwenye sakafu ya saruji, haisubiri watu wamalize kubishana.

Naiandika kesi hii kama mjadala kwa sababu kila upande una jambo la kweli ambalo upande mwingine hautaki kulisikia. Wazungumzaji wanne nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga. Zinasikika uani, kwenye maduka ya dawa za mifugo na ndani ya daladala zinazopanda Kibosho. Msimamo wangu nautaja mapema: paka anayekataa beseni ana sababu, na sababu hiyo inatafutika. Kumtia kwenye kiroba na kwenda kumwacha sokoni Mbuyuni ni kukwepa kazi ya kuitafuta. Lakini simhesabu mwenye nyumba kuwa katili kwa kuchoka na harufu. Ana haki ya kuchoka.

Nyumba iko Majengo. Vyumba vinatazamana kwenye korido moja. Uani kuna bomba, stoo na choo cha wote. Mpangaji ni dada anayeuza mitumba soko la Memorial, na belo lake hulala naye chumbani. Paka huyo dume alimchukua kwa baba yake mkubwa huko Kibosho, kwa sababu panya walikuwa wakitafuna nguo usiku. Panya wakaisha. Miezi ikapita bila tatizo lolote, ndipo mkojo ukaanza.

Mama mwenye nyumba: Sina chuki na paka. Nimelelewa tukijua kwamba paka si najisi. Akinywa kwenye ndoo ya udhu, maji yale natawadha nayo bila wasiwasi. Mkojo ni habari nyingine. Korido hii naipita kila alfajiri nikienda kuswali, na pindo la nguo yangu linagusa sakafu. Chumba cha pili kuna binti mjamzito, harufu inamtapisha. Mpangaji wa chumba cha mwisho ameshasema anatafuta kwingine. Mume wangu aliniachia nyumba hii na ndiyo inayonilisha. Nimevumilia. Niambieni, navumilia hadi lini?

Mpangaji: Mama, nisamehe. Korido naideki mimi hadi usiku, unaniona. Lakini nimwondoe nirudi kwa panya? Nilifungua belo nikakuta magauni ya gredi ya kwanza yametobolewa mikono, hasara ya mtaji mzima. Na siyo kwamba sikumwekea choo. Beseni lipo pale mlangoni, koridoni, ili alione. Mchanga nimejaza. Anaingia, ananusa, anatoka. Nimempiga kwa kandambili. Nimemsukumia pua kwenye mkojo wake kama watu wanavyoshauri. Sasa anakojoa nikiwa sipo, na nikirudi anaingia uvunguni.

Baba mkubwa, kutoka Kibosho: Mwanangu, kosa ni kumshusha mjini. Nilikupa kwa sababu ulinililia panya. Kwetu paka hana beseni, ana kihamba, shamba letu la migomba. Anatoka na umande, anachagua shina la mgomba, anachimba, anafukia, anarudi jikoni kuota moto. Umri wangu wote sijaona paka akikojoa ndani, isipokuwa mgonjwa. Mrudishe. Mama huyu apate amani, na wewe upate amani, na mnyama apate amani.

Afisa mifugo wa kata: Shikamooni wazee. Mzee amesema neno, "isipokuwa mgonjwa", na mimi naanzia hapo, kwa sababu watu huanzia kwenye kandambili na kufikia ugonjwa mwishoni. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno. Chembechembe na ute vikiiziba, mkojo haupiti. Utamwona anaingia na kutoka kwenye beseni, anachuchumaa, anakaza, hakitoki kitu. Au yanatoka matone yenye damu. Analia, anajilamba chini, anaacha kula. Mwenyewe anasema, huyu ana kiburi. Ikiziba kabisa, siku moja au mbili zinatosha kumuua, maana uchafu uliopaswa kutoka unabaki kwenye damu. Huyo haletwi kesho, analetwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Yupo na ambaye hajaziba lakini kibofu kimevimba. Anakojoa kwa maumivu. Maumivu yakimkuta ndani ya beseni mara kadhaa, analichukia beseni, anatafuta mahali laini: kitanda, zulia, nguo. Kibofu kikipona, chuki yaweza kubaki. Paka mzee ana yake: figo zimechoka na anakojoa mno, au ana kisukari, au viungo vinamuuma na ukingo wa beseni ni mrefu kwake. Kama anachokiweka nje ni kinyesi, natazama minyoo, kuharisha na kufunga choo. Sasa dada, niambie. Akikojoa kwenye nguo anachuchumaa au anasimama?

Mpangaji: Anachuchumaa. Na ni mkojo mwingi, wa kawaida. Damu sijaona. Anakula vizuri. Alisimama mara moja tu, dirishani, mkia unatetemeka, akarusha ukutani. Kulikuwa na dume la jirani nje.

Afisa mifugo: Basi una mambo mawili, usiyachanganye. Anayechuchumaa na kutoa mkojo mwingi anajisaidia, anatafuta choo. Anayesimama, mkia juu unatetemeka, akirusha kidogo ukutani au mlangoni, anaweka alama ya mipaka yake kwa madume wengine. Choo kinatibiwa kwa kurekebisha choo. Alama, kwa dume kama huyu, dawa yake ya kwanza ni kumhasi. Wengi wakihasiwa huacha.

Baba mkubwa: Paka aliyehasiwa hawindi. Analala tu.

Afisa mifugo: Anawinda, mzee. Kuwinda hakukai kwenye korodani. Maksai amehasiwa na analima kutwa. Kitakachopungua ni kuzurura, kupigana usiku na hiyo mikojo ya ukutani. Anaweza kunenepa kama analishwa ovyo, hilo kweli.

Hapa naingilia kidogo. Afisa huyu anazungumza kwa upole kuhusu kandambili, na mimi nitasema kwa ukali zaidi. Kumpiga paka kwa sababu ya mkojo alioukojoa saa mbili zilizopita hakumfundishi chochote kuhusu mkojo. Kunamfundisha kwamba wewe ni hatari, na kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Beseni liko mahali unapopita, kwa hiyo analikwepa zaidi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayokataza kumtesa mnyama, lakini hata kama sheria isingekuwepo, kipigo hiki kinaharibu jambo lile lile ambalo mwenye paka analitaka. Dada yetu amelieleza mwenyewe bila kukusudia: "sasa anakojoa nikiwa sipo."

Turudi kwenye beseni.

Afisa mifugo: Mchanga umeutoa wapi?

Mpangaji: Kwenye lundo la ujenzi, hapo kwa jirani. Mchanga wa mto.

Mama mwenye nyumba: Na hapo ndipo nisipoelewa, daktari. Lundo lile lile paka wa mtaa mzima wanalitumia! Fundi akija kupiga plasta anachota mchanga na mavi ndani yake, anatukana asubuhi nzima. Mchanga ukiwa nje wanaupenda, ukiwa kwenye beseni haufai. Huoni kwamba ni ukaidi?

Afisa mifugo: Swali zuri, mama. Lundo ni pana. Paka anachagua upande mkavu na msafi, kesho anachagua upande mwingine, mvua ikinyesha inasafisha. Usiku hakuna mtu. Beseni hili ni dogo, hata kugeuka hawezi. Lingepaswa kuzidi urefu wake kwa nusu, kutoka pua hadi mwanzo wa mkia. Mchanga una kokoto, na chini umelowa tangu wiki iliyopita. Liko koridoni, watoto wanapita, ndoo zinapita, mlango unabamizwa. Wewe mama ungeweza kwenda haja pale? Na dada, unalioshaje?

Mpangaji: Kwa Jik, daktari. Na kwenye nguo na sakafu pia, ili iue harufu.

Afisa mifugo: Acha kabisa. Mkojo uliokaa unatoa amonia. Ukiumwagia Jik unapata hewa ya sumu, inakukaba wewe na binti wa chumba cha pili kabla haijamkaba paka. Na harufu kali ikibaki kwenye beseni inamfukuza. Sakafu ioshe kwanza kwa maji ya baridi na sabuni ya unga, suuza, kisha maji yaliyotiwa siki. Nguo hivyo hivyo, halafu juani. Beseni ni maji na sabuni ya kawaida tu, suuza mpaka harufu ya sabuni iishe.

Baba mkubwa: Mtoto wangu, nami niulize. Huyu paka ana mwaka hapa. Mbona zamani hukunipigia simu?

Mpangaji: Zamani hakukuwa na shida. Imeanza masika haya.

Mama mwenye nyumba: Imeanza... ngoja. Jirani wa nyuma alimaliza ukuta na kuweka pevingi kabla ya mvua kubwa. Mwanzoni pale palikuwa kiwanja kitupu, magugu na udongo. Nilikuwa namwona paka akiruka kwenda huko jioni.

Kwangu mimi kesi nzima imegeuka hapa. Paka huyu hakuacha kutumia beseni, kwa sababu hakuwahi kulitumia. Miezi yote ambayo dada aliamini kwamba mnyama wake amezoea mchanga wa koridoni, choo chake kilikuwa kiwanja cha nyuma. Kiwanja kikajengewa ukuta na kufunikwa pevingi, mvua ikalowesha vipande vichache vya ardhi vilivyobaki, na paka hapendi kuchimba tope. Ndani ya nyumba akabaki na vitu viwili: beseni la kokoto lenye harufu ya Jik, au belo la nguo laini, kavu, ambalo linakunjuka chini ya makucha na kunywa mkojo papo hapo. Kwa akili ya paka belo ndilo lililofanana zaidi na udongo.

Moshi ni mji unaojivunia usafi, na umeshinda mashindano ya kitaifa ya usafi mara nyingi. Pevingi ni sehemu ya usafi huo. Kiangazi inazuia vumbi, masika inazuia tope, watoto wanacheza bila kuchafuka, na mama mwenye nyumba hafagii udongo kutwa. Simlaumu jirani. Lakini nikipita Majengo, Pasua au Njoro naona viwanja vinavyofungwa kimoja baada ya kingine, na hakuna anayejiuliza mnyama anayechimba atachimba wapi. Mbwa anaweza kupelekwa nje. Ng'ombe ana banda. Paka tulimwachia ajitafutie choo miaka yote, akakipata, tukadhani hahitaji. Ardhi inapokwisha, haja yake inaonekana kwa mara ya kwanza, na tunaiita tabia mbaya.

Tabia ya kuchimba na kufukia ni ya kale kuliko nyumba zetu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, jamii moja na paka pori wa Afrika anayewinda hadi leo katika mbuga za Tanzania. Kisiwani Kupro kumefukuliwa kaburi la zaidi ya miaka 9,000 ambamo mtu na paka walizikwa jirani. Walikuja kwetu kutoka nchi kame, figo zao zikiwa hodari wa kubana maji na mkojo wao ukiwa mzito, ndiyo maana unanuka hivi. Hakuna aliyewafundisha kufukia. Wanachojifunza, wakiwa vitoto wa wiki chache, ni udongo upi.

Afisa mifugo: Hilo ndilo nilikuwa nataka kumuuliza mzee. Huyu alipokuwa kitoto, mama yake alikuwa akikojoa wapi?

Baba mkubwa: Mgombani, nimeshasema. Hasa tunapochimba kuweka samadi. Udongo pale ni mwepesi, mweusi, unachota kwa mkono. Baba yangu aliuwekea samadi, na babu yangu, na mfongo, mfereji wetu wa maji, ulipita juu yake. Hakuna kokoto.

Afisa mifugo: Basi hicho ndicho choo anachokijua. Paka akishazoea kitu chini ya miguu tangu akiwa mdogo, hukitafuta maisha yake yote. Aliyelelewa kwenye vumbi la mbao anataka vumbi la mbao. Huyu anataka mgomba. Mzee, tuletee gunia la udongo wa kihambani.

Mama mwenye nyumba: Haingii hapa! Udongo wa mgombani una funza, una siafu, una minyoo. Nilitolewa funza miguuni utotoni Uru, sijasahau.

Afisa mifugo: Una haki ya kuhofia. Hatuuleti mbichi. Mzee auchekeche, auanike juani, halafu dada aukaange kwenye karai mpaka ukauke kabisa. Tunauweka juu kidogo tu, tabaka la vidole viwili, chini yake mchanga laini uliochekechwa, ule wa plasta ya mwisho. Kila wiki udongo unapungua, mchanga au vumbi la mbao linaongezeka, mpaka miguu yake izoee. Akigoma, turudi nyuma hatua moja. Hatumpeleki mbio.

Baba mkubwa: Majivu je? Wengi huweka majivu.

Afisa mifugo: Majivu yanashika miguuni, anayalamba, yanamuunguza mdomo. Pumba za mpunga za huko Chekereni ni rahisi kupata lakini hazinyonyi vizuri na anazirusha chumba kizima. Vumbi la mbao ni zuri kama halina harufu kali ya msonobari, lianike kwanza. Kuna watu wanaleta maganda ya kahawa. Maganda mabichi yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea hapana, kafeini ni sumu kwa paka.

Niongeze jambo hapa kwa wanaodhani shida hii ni ya maskini au ya Afrika. Huko Michigan, Marekani, hadi 1947 watu waliwawekea paka wao majivu na mchanga, kama sisi. Mwaka huo muuzaji wa vumbi la mbao, Edward Lowe, alimpa jirani yake udongo mkavu unaonyonya mafuta ya viwandani badala ya mchanga, na kutoka hapo ikazaliwa biashara kubwa ya udongo wa paka unaouzwa kwa mifuko. Mfuko huo kwa mpangaji wa chumba kimoja ni anasa. Kinachofanya kazi ndani yake, yaani punje laini, ukavu na usafi wa kila siku, kinapatikana Majengo kwa chekecheke, karai na mkono usiochoka.

Mama mwenye nyumba: Na binti wa chumba cha pili? Hospitali wamemwambia paka anaharibu mimba. Ananijia analia.

Afisa mifugo: Asilie, na asipuuze. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplasma. Paka anayekula panya anaweza kukitoa kwenye kinyesi kwa muda fulani, hasa mara ya kwanza anapoambukizwa. Mama mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza, mtoto tumboni anaweza kudhurika. Lakini kinyesi kikitoka leo hakiambukizi leo. Mayai yake yanahitaji siku moja au zaidi kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kinaondolewa kila siku, na anayekiondoa siyo binti. Asiliguse beseni, basi. Na amwambie mume wake kwamba njia nyingine kubwa ni nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Mbuzi choma yenye damu katikati aache, na mnafu auoshe vizuri. Kumshika paka mgongoni siyo hatari hiyo anayoiogopa.

Baba mkubwa: Kwetu samadi ya ng'ombe inakwenda mgombani. Hii ya paka nayo?

Afisa mifugo: Kwenye bustani ya mboga hapana, kwa sababu hiyo hiyo. Hapa mjini ifungwe kwenye mfuko iende na gari la taka, au itupwe kwenye choo cha shimo.

Namheshimu afisa huyu kwa jambo ambalo hakulisema. Wataalamu wengi wa mifugo katika wilaya zetu wamefundishwa hasa ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku, kwa sababu hao ndio wanaolisha familia na kulipa ada. Paka akiletwa, mara nyingi wa kwanza kumcheka mwenye paka ni watu waliokaa kwenye foleni na jogoo wao mgonjwa. Mpangaji wa Majengo akisimama pale na paka ndani ya kikapu anahitaji ujasiri. Ningependa asihitaji. Paka anayelinda belo la mitumba, gunia la mahindi au debe la maharage analinda mtaji wa mtu, na ana haki ya dakika kumi za daktari kama mnyama mwingine anayefanya kazi.

Mzee hakushawishika hadi mwisho, na sitajifanya kwamba hoja yake imekwisha. Ukiniuliza paka ataishi vizuri zaidi wapi, nitasema mgombani. Kule kuna ardhi, panya, kivuli, moto wa jikoni. Lakini dume aliyeishi mwaka mzima mjini hawi tena wa kihamba kwa kupanda daladala. Atakuta madume wengine wenye mipaka yao, mbwa asiowajua, sumu ya panya iliyotegwa kwa jirani. Atatoroka kutafuta njia ya kurudi. Nimeegemea upande wa dada, kwa masharti ya mama.

Mama mwenye nyumba: Masharti yangu ni haya. Beseni halikai koridoni. Moja litakaa stoo uani, mlango nitauacha wazi kidogo, hakuna anayepita pale usiku. La pili kaa nalo chumbani kwako, kwenye kona ya mbali na chakula chake. Belo lipande juu ya chaga za mbao na lifunikwe turubai. Korido utaiosha wewe, kwa siki siyo Jik. Nampa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Na mpangaji wa mwisho akihama kwa ajili ya harufu hii, tutazungumza kuhusu kodi yake.

Mpangaji: Nimekubali, mama. Ila mwezi mmoja na nusu kwa mnyama aliyepigwa...

Mama mwenye nyumba: Nimesema mpaka mwisho wa mwezi ujao, na nitakapofika hapo nitatazama, sitafunga macho. Kandambili siitaki kuisikia tena.

Baba mkubwa: Udongo nauteremsha Jumamosi. Lakini msinicheke nikiwa na gunia la mavumbi kwenye daladala.

Afisa mifugo: Jumatatu asubuhi mlete tumhasi, na nitambonyeza kibofu nihakikishe. Asile chochote tangu saa nne usiku wa Jumapili, maji anywe. Kabla ya hapo akikaza bila kutoa mkojo, usisubiri Jumatatu. Na beseni la zamani, dada, lipe kazi nyingine au litupe. Plastiki ikishakwaruzwa inashika harufu, sisi hatuisikii, yeye anaisikia.